Chipu Si Hirizi

Wapiga gitaa wana dini yao ya pembeni, na amri yake ya kwanza ni kwamba sauti nzuri imo ndani ya kipuri adimu. Ukitaka pedali ya ovadraivu yenye mkwaruzo mdogo, ile inayoitia sauti ukali kidogo tu pale mkono unapokaza, utaambiwa utafute chipu iliyochapwa herufi fulani, daiodi za jemaniamu zilizolala ghalani miaka na miaka, na kapasita za rangi fulani. Ukizikosa, utashauriwa usihangaike kulehemu. Bora usubiri mtu anayesafiri akuletee ya dukani. Maneno haya husemwa kwa upole, kama wosia wa mkubwa kwa mdogo, na ndiyo maana hayapingwi. Mimi nayapinga. Katika pedali ya mkwaruzo mdogo, sauti huamuliwa na thamani za vipuri na jinsi vilivyopangwa: wimbi linakuzwa mara ngapi, besi inaachwa nje kuanzia wapi, vilele vinakatwa kwenye volti ngapi. Vipuri vinavyofanya kazi hiyo vinauzwa kwa mafungu. Kipuri adimu huongeza bei, na mara nyingi hakiongezi kingine.

Tuanze na kazi yenyewe. Gitaa la umeme hutoa umeme kiduchu. Ukizipapasa nyuzi utapata kama milivolti 100. Ukizichapa utapita 300, na pikapu zenye koili mbili zinaweza kukaribia volti nzima. Pedali hulikuza wimbi hilo, kisha daiodi mbili zilizolala mzungu wa nne, moja ikielekea huku na nyingine kule, hukata vilele vinavyovuka kiwango chake. Wimbi lililokatwa kilele huzaa sauti za ziada juu ya noti ya asili, na hizo ndizo sikio linazipokea kama mkwaruzo. Pedali za wapiga roki nzito hukuza wimbi mara mamia, hata maelfu, hivyo kila kinachoingia hukatwa, kikubwa kwa kidogo. Pedali ya mkwaruzo mdogo hukuza mara nne, mara kumi, labda mara thelathini. Noti iliyopapaswa hupita salama, iliyochapwa hukwaruza. Anayeipiga anaongoza mkwaruzo kwa kidole, hahitaji kuinama kugusa kitu. Uzuri wote wa pedali ya aina hii umo kwenye mpaka kati ya noti inayopita na noti inayokatwa, na mpaka huo huwekwa kwa hesabu ya darasani.

Shahidi mkuu wa upande wa pili ni chipu iitwayo JRC4558D. Ndiyo iliyokuwamo ndani ya Tube Screamer TS808, pedali ya kijani iliyotoka Japani mwaka 1979, kazi ya mhandisi Susumu Tamura wa Maxon, waliokuwa wakiiundia Ibanez. Mmarekani Stevie Ray Vaughan aliifanya ijulikane dunia nzima, akiitumia zaidi kuusukuma mlio wa amplifaya zake kuliko kuukwaruza. Mwaka 1982 likaja toleo la TS9. Waliosikia tofauti kati ya ndugu hao wawili walizifungua, wakakuta chipu hazifanani, wakatangaza kwamba siri imepatikana. Tangu hapo 4558 za zamani zimekuwa zikiuzwa kwa bei ambayo ungenunulia pakiti nzima za mpya.

Historia yenyewe inamkana shahidi huyu. Kiwanda hakikuwa na kipuri kitakatifu, kilitumia kilichopatikana. Kuna TS808 zilizotoka na JRC4558D na kuna zilizotoka na RC4558P ya Texas Instruments, na zote leo zinaitwa halisi. TS9 nyingi zilipata TA75558 ya Toshiba. Chipu ya 4558 ilikuwa bidhaa ya kawaida ya kukuzia sauti, ya bei rahisi, iliyotapakaa kwenye vyombo vya muziki vya kila aina, na mpaka leo fundi redio anayefungua amplifaya ndogo za bei poa hukutana nayo au na ndugu zake. Ukiweka michoro ya TS808 na TS9 sambamba, tofauti ya wazi ni rezista mbili za mlango wa kutokea: ohmu 100 na kiloohmu 10 kwenye ya kwanza, ohmu 470 na kiloohmu 100 kwenye ya pili. Mafundi wanaotoza pesa kuigeuza TS9 iwe TS808 hubadilisha rezista hizo na chipu pia. Rezista ni za senti. Kinacholipiwa ni hadithi ya chipu.

Tuiache historia, twende kwenye hesabu. Kasi ambayo chipu ya kukuza inaweza kupandisha volti hupimwa kwa volti kwa kila maikrosekunde. Ya 4558 ni karibu 1. Ya TL072, ambayo waumini huidharau kwa kuwa ni ya kisasa mno, ni 13 au zaidi. Pedali ya mkwaruzo mdogo inahitaji kasi gani? Daiodi za silikoni zinalizuia wimbi lisipande sana, tuseme kilele kifike volti 1. Tuchukue sauti nyembamba kabisa ya hezi 10,000. Kuibeba kunahitaji volti 0.063 kwa maikrosekunde. Chipu inayotajwa kuwa nzito na yenye joto la kizamani ina uwezo mara kumi na tano ya unaohitajika. Au tuangalie upana wa masafa: 4558 ikikuza mara 12 bado inafika karibu hezi 250,000, ilhali sikio la kijana mzima linaishia hezi 20,000, na spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kuchoka baada ya hezi 5,000. Chipu zote mbili zinatembea kwenye barabara pana ambayo hakuna hata moja inayogusa ukingo wake. Zitofautiane vipi?

Mpinzani makini ana jibu hapa, nami nalikubali: zipo pedali ambazo chipu ndiyo sauti. ProCo RAT, iliyotoka Kalamazoo, Michigan, mwaka 1978, ina chipu LM308 yenye kasi ya volti 0.3 hivi, na saketi yake inaidai ikuze wimbi zaidi ya mara 2,000. Hapo chipu hutweta. Sauti za juu inashindwa kuzibeba, na kushindwa huko kumekuwa sehemu ya tabia ya RAT. Badilisha chipu hiyo kwa ya kasi, na utasikia. Lakini ukubali huu unajenga hoja yangu, haubomoi. Chipu husikika inapobanwa hadi ukomo wake, na pedali ya mkwaruzo mdogo kwa maumbile yake haiibani. Aliyejifunza somo kwenye RAT akalihamishia kwenye Tube Screamer iliyoshushwa ukali amehamisha jibu bila swali lake.

Kama zipo TS808 mbili zisizolia sawa, na zipo, mtuhumiwa wa kwanza awe rezista ya kuzungusha. Rezista hizo kwa kawaida huuzwa zikiwa na ruhusa ya kukosea kwa asilimia 20 juu au chini. Ya kiloohmu 500 inaweza kuwa 400 kwenye pedali moja na 600 kwenye nyingine, zote zimetoka kwenye boksi moja. Ingiza tarakimu hizo kwenye mchoro wa Tube Screamer, wenye kiloohmu 51 za kudumu juu na 4.7 chini: pedali ya kwanza ikifunguliwa mpaka mwisho inakuza mara 97 hivi, ya pili mara 140. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya desibeli 3, na anayepiga ataihisi vidoleni. Ongeza kapasita zenye ruhusa ya asilimia 10 na umepata pedali pacha zenye tabia mbili. Hakuna anayeandika sifa za rezista ya kuzungusha, kwa sababu haina herufi za kupendeza mgongoni.

Shahidi wa pili ana heshima kubwa zaidi: daiodi za Klon Centaur. Bill Finnegan, Mmarekani, aliitoa pedali hiyo mwaka 1994 na kuitengeneza kwa mkono kwa takriban miaka kumi na tano. Zilitoka kama 8,000 tu. Aliifunika saketi kwa gundi nzito ya epoksi ili isinakiliwe, na akaeleza kwamba daiodi zake za jemaniamu ni za akiba ya zamani alizozichagua baada ya kujaribu nyingi. Gundi ikazaa uvumi, uvumi ukazaa bei, na leo Centaur iliyotumika huuzwa kwa maelfu ya dola. Gundi hatimaye ilichokolewa na mchoro ukachorwa. Ndani zilikutwa chipu za TL072, zilezile wanazozidharau, pamoja na chipu ndogo ya MAX1044 inayougeuza umeme wa betri ya volti 9 ili sehemu ya saketi ipate nafasi ya volti 27. Zilizobaki ni rezista na kapasita za kawaida. Siri yote ikarudi kukaa kwenye daiodi mbili.

Sasa tazama jinsi Klon inavyotumiwa na wengi wanaoisifu. Huishusha nobu ya ukali karibu na mwanzo na kupandisha ya ukubwa wa sauti, ili pedali iusukume mlango wa amplifaya ya vali ambayo tayari imechemka. Rezista ya kuzungusha ya ukali kwenye Klon ni ya ghorofa mbili: ukiishusha, wimbi safi linapewa njia pana na wimbi la upande wa daiodi linapungua. Kwa hiyo kadiri unavyoitumia vile wapenzi wake wanavyoipenda, ndivyo daiodi zinavyobaki na kazi ndogo. Wanalipia maelfu kwa ajili ya kipuri, halafu wanakiweka likizo. Kinachowapendeza masikioni ni mambo matatu ambayo hayana uhaba wowote: mwinuko wa sauti za kati karibu na hezi 1,000, nafasi kubwa ya volti kabla ya kugonga dari, na kipokezi cha mlangoni kinacholinda sauti nyembamba zisimezwe na waya mrefu. Cha mwisho hicho hufanya kazi hata pedali ikiwa imezimwa.

Wapo watakaojibu kwamba Finnegan mwenyewe hakuziacha daiodi zile hata alipotoa pedali iliyofuata, KTR, mwaka 2012. Kweli, alizibakiza. Lakini tazama alichokiacha: kulehemu kwa mkono, sanduku kubwa, vipuri vya miguu mirefu. KTR imejengwa kwa vipuri vidogo vinavyobandikwa juu ya bodi, vya aina ambayo waumini huiita baridi. Na juu ya uso wa pedali hiyo aliandika, kwa maana, kwamba makelele yanayowaudhi wengi hakuyaanzisha yeye. Mtengenezaji anaikana dini na waumini wanamwambia hajui alichokiumba.

Hata hivyo, daiodi si upuuzi mtupu, na hapa lazima tutenganishe. Daiodi ya jemaniamu huanza kupitisha umeme karibu na volti 0.3, ya silikoni karibu na 0.6, na LED nyekundu karibu na 1.7. Hiyo ni tofauti kubwa, na inasikika. Lakini ni tofauti ya kiwango, na kiwango kina njia nyingi za kufikiwa. Daiodi zikiwa zimeunganishwa kuelekea ardhini, kulikuza wimbi mara 8 na kulikata kwa silikoni kunatoa umbo linalokaribiana sana na kulikuza mara 4 na kulikata kwa jemaniamu. Kinachobaki ni ukubwa wa sauti, nao una nobu yake. Ni kweli pia kwamba jemaniamu hupinda taratibu zaidi inapokata. Basi tia rezista mfululizo na daiodi za silikoni, nazo zitapinda taratibu. Kampuni ya Marshall ilifanya hivyo kwenye pedali yake ya Bluesbreaker ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mchoro huo ndio ulioizaa King of Tone ya Analogman, pedali ambayo watu hujiandikisha na kuingoja kwa miaka. Mojawapo ya foleni ndefu kabisa katika biashara hii imesimama mbele ya mpangilio ambao mtu yeyote anaweza kuujenga kwa daiodi za kawaida.

Basi masikio ya watu wote hao yanawadanganya? Swali hilo ndilo ngao ya mwisho ya imani hii, na huulizwa kana kwamba ni tusi kulijibu. Masikio hayadanganyi, yanajibu swali tofauti na tunalodhani tumeyauliza. Sikio la binadamu huichukulia sauti iliyozidi kidogo tu kwa ukubwa kuwa ni sauti bora, hata tofauti isipofika desibeli moja. Mtu anayechomoa daiodi za silikoni na kuchomeka LED amepandisha ukubwa wa wimbi maradufu na zaidi, halafu anaandika kwamba pedali imefunguka, imepumua. Anayechomeka jemaniamu ameupunguza, akapandisha volyumu ya amplifaya kufidia, na sasa amplifaya nayo imebadili tabia. Katika majaribio haya kipuri kimoja kimebadilishwa kwa jina, lakini vitu vitatu vimebadilika kwa kweli. Jaribio la haki linaanza kwa kusawazisha ukubwa wa sauti kwa mita, kisha mwingine ndiye abadilishe pedali bila msikilizaji kuona. Hadithi nyingi za vipuri adimu hazijawahi kupelekwa kwenye jaribio la namna hiyo, na wasimulizi wake hawana haraka.

Sifa ya pili inayotumika kuuzia pedali hizi ni kwamba haziongezi wala hazipunguzi kitu, eti ni gitaa lako lilelile, limekuzwa tu. Michoro inasema vingine. Tube Screamer ina rezista ya kiloohmu 4.7 na kapasita ya maikrofaradi 0.047 kwenye mguu wa ardhini wa chipu; ukipiga hesabu unapata hezi 720. Chini ya hapo ukuzaji unapungua, kwa hiyo besi haifiki kwenye daiodi na nguvu ya kukatwa. Baadaye kuna rezista ya kiloohmu 1 na kapasita ya maikrofaradi 0.22 zinazoanza kupunguza sauti nyembamba kuanzia hezi hizohizo 720. Matokeo yake ni kilima katikati ya masafa, na kilima hicho ndicho kinachoifanya solo isikike katikati ya ngoma na besi. Klon nayo ina kilima chake. Kwa hiyo wanaosifu pedali kwa kutogusa sauti wanasifu, bila kujua, ustadi wa kuigusa mahali panapofaa. Heshima hiyo apewe mhandisi aliyechagua hezi 720, isipewe chipu iliyokuwa karibu yake.

Imani hii ina asili ya heshima. Ilitoka kwenye pedali za fazi. Fuzz Face ya mwaka 1966 na wenzake zilitumia transista mbili za jemaniamu katika saketi finyu mno, yenye kitu kidogo tu cha kusahihisha kasoro zake. Transista hizo zilitofautiana sana kwa nguvu ya kukuza na kwa umeme unaovuja, na hata joto la chumba lilizibadili. Fundi wa fazi alikuwa na haki ya kupima transista moja moja na kuzikataa nyingi kwa ajili ya mbili. Lakini chipu ya kukuza ilibuniwa ili tofauti hizo zisiwe na maana: ukuzaji wake hupangwa na rezista mbili za nje, na tabia ya ndani hufichwa na njia ya marejesho. Miaka iliyofuata ilibadilisha saketi, lugha ya waumini ikabaki ileile.

Kwetu hasara ya imani hii ni zaidi ya pesa. Klon na Tube Screamer zinasifiwa zaidi zikisukuma amplifaya ya vali iliyokwisha chemka. Katika kumbi nyingi na makanisa mengi ya Afrika Mashariki gitaa halichomekwi kwenye amplifaya ya namna hiyo. Linaingia moja kwa moja kwenye miksa na kutokea kwenye spika kubwa zinazotoa kila kitu hadi hezi 15,000 na kupita. Hakuna vali ya kusukumwa wala spika ya inchi 12 ya kuchuja makali. Anayeleta Centaur ya kweli na kuichomeka hapo atasikia nyuki, kisha atanung'unika kwamba ameuziwa bandia. Hakuuziwa bandia. Amenunua jibu la swali la Marekani akalileta kwenye swali la ukumbi wake.

Na muziki nao una madai yake. Mpiga solo wa sebene au wa dansi hucheza sana noti mbili kwa pamoja, zikipishana kwa tatu au kwa sita. Noti mbili zinapokatwa vilele pamoja huzaa noti za ziada ambazo hakuna aliyezipiga. Chukua C ya hezi 523 na E ya hezi 659. Daiodi zisizolingana, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, hutoa kwa nguvu tofauti ya noti hizo, yaani hezi 136. C ya chini iliyo karibu ni hezi 131 hivi. Noti hiyo ya mzimu iko juu yake kwa zaidi ya nusu ya nusu-toni, palepale kwenye eneo la gitaa la besi. Daiodi zinazolingana hazitoi sana tofauti hiyo; zinatoa zaidi sauti ya hezi 387, inayokaribia G na kuilalia kidogo tu. Kwa hiyo mpangilio usiolingana, ambao vijarida vya Ulaya na Marekani huusifu kwa utamu wake kwenye noti moja moja za bluzi, unaweza kuichafua sebene. Hakuna daiodi adimu duniani itakayolitatua hilo. Linatatuliwa na uamuzi wa kuziweka mbili zinazofanana, moja kila upande.

Nitaje basi saketi yangu, nisionekane mpinzani asiye na kauli. Chipu yoyote ya miguu minane yenye vikuzaji viwili: 4558, TL072, iliyopo. Betri ya volti 9, iliyogawanywa kati kwa rezista mbili za kiloohmu 10 na kapasita ya maikrofaradi 47. Mlangoni rezista ya megaohmu 1, ili pikapu isibanwe. Kwenye njia ya marejesho, kiloohmu 10 za kudumu pamoja na rezista ya kuzungusha ya kiloohmu 100. Chini, kiloohmu 3.3 na kapasita ya maikrofaradi 0.1. Ukuzaji unaanza mara 4 na kuishia mara 34, na besi inaanza kuachwa nje ya mkwaruzo kwenye hezi 482, chini kidogo ya Tube Screamer, kwa kuwa solo ya sebene haitaki kuwa nyembamba kiasi hicho. Daiodi mbili za 1N4148, mzungu wa nne, juu ya njia ya marejesho, pamoja na kapasita ya pikofaradi 220.

Ipige kwa hesabu kabla ya kuilehemu. Nobu ikiwa mwanzoni, daiodi huona mara 3 tu ya wimbi linaloingia, kwa sababu wimbi safi hupita upande wake bila kukatwa. Milivolti 100 zinakuwa volti 0.3: silikoni imelala, sauti ni safi. Milivolti 300 zinakuwa 0.9: silikoni imeamka, vilele vinakatwa. Mkono ndio swichi. Kwa ajili ya miksa, weka kichujio cha kiloohmu 4.7 na kapasita ya nanofaradi 6.8, kinachopunguza kuanzia hezi 5,000 hivi, kifuate kikuzaji cha pili kikiwa kipokezi tu, kisha kichujio kingine kama kile, na mwisho volyumu. Vichujio viwili hivyo vinachukua nafasi ya spika isiyokuwapo. Ukiona ukumbi wako una giza, punguza kapasita. Ukiona daiodi zinaamka mapema mno kwa pikapu zako, ongeza moja kila upande. Mabadiliko ya aina hiyo yanasikika bila mtu kuhadithiwa.

Kuna ukweli mmoja wa vipuri ninaouheshimu: ubovu. Kapasita za kauri za aina duni hubadilisha thamani volti inapobadilika, na baadhi hulia zikigongwa. Kwenye njia ya sauti tumia za filamu, ambazo ni rahisi pia. Rezista za kaboni za mtindo wa zamani, zinazouzwa ghali kwa jina la joto, zina kelele zaidi kuliko za filamu ya chuma. Chipu za bandia zipo, na zilizochapwa upya herufi za zamani ndizo za kushukiwa kwanza, kwa sababu mwenye kughushi hughushi kilicho na bei. Uadimu wenyewe umelifungulia soko la bandia mlango.

Imani hii inamfundisha kijana mwenye gitaa na mkono wa kulehemu kwamba maarifa yamekaa kwenye ghala la mtu mwingine, na kazi yake ni kununua au kungoja. Mchoro wa Tube Screamer hauna siri, wa Klon hauna siri tena, na hesabu ya rezista na kapasita haizidi ya kidato cha nne. Kila pedali iliyosifiwa katika makala haya ilianza kwa mtu aliyeamua mwenyewe akate wapi na akuze kiasi gani, kwa muziki aliokuwa akiusikia mbele yake. Anayetaka kutushawishi kwamba kipuri chake kina kitu cha ziada, ataje kitu hicho kwa volti au kwa hezi, asawazishe ukubwa wa sauti, ageuze mgongo, asikilize. Akishindwa kukitaja na akashindwa kukisikia, alichonacho ni risiti.